Kumpeleka Maganga Jiweni

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi kila mmoja wenu ananivuta pembeni: Mama Neema, ilikuwaje huko kwa wakwe? Nimewasimulia vipande vipande, mpaka juzi nimeisikia safari yangu mwenyewe sokoni, na humo ndani eti wifi alinifukuza, eti nilipelekwa kwa mganga. Basi nimefunika cherehani, nimekaa chini, naandika yote kwa mara moja. Anayetaka kutia chumvi atie kwenye mboga zake.

Habari za tiketi na za kuwaomba watoto ruhusa naziruka. Watoto walikataa, nikaenda.

Lakini lazima mjue kwanza nilichokifuata. Marehemu mume wangu, Maganga, alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Tura, mashariki ya Tabora. Zamani misafara iliyotoka pwani ikifika pale, wapagazi walijua sasa wamefika kwao. Kijijini kwa kina Maganga kuna jiwe limesimamishwa, refu kuliko mtu, limejaa vishimo na miduara iliyochongwa na watu ambao hakuna anayewajua. Wanyamwezi wenyewe wanasema babu zao walilikuta limesimama hivyo hivyo. Mpagazi akifia njiani, wenzake hawakuweza kumbeba, kwa hiyo waliokota kijiwe kwenye udongo wa kaburi lake wakaja nacho. Kila ukoo ulikuwa na kishimo chake. Kwa kina Maganga, dada wa marehemu alipiga magoti, akakizungusha kile kijiwe ndani ya kishimo huku akimwita ndugu yake kwa jina. Hapo marehemu alikuwa amefika. Kijiwe kilifukiwa chini ya jiwe, watu wakaenda kula. Ambaye hakuitwa, kwao walimhesabu kuwa bado yuko njiani.

Msiniangalie hivyo. Maganga alikuwa Mkristo kama ninyi na aliimba besi miaka mingi kuliko baadhi yenu. Lakini katika siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Mwambie dada aniite." Tulimzika hapa Morogoro. Dada yake, wifi Kalunde, hakuja msibani, hakupiga simu, na nilipompigia mimi haikupokelewa. Mwaka mzima mume wangu yuko njiani. Nilishindwa kulala na neno hilo, ndiyo maana niliondoka.

Morogoro hadi Itigi

Kabla ya kwenda stesheni nilipita makaburini. Mnalijua kaburi la Maganga, wanangu walilijengea vizuri, vigae vyeupe juu na saruji mpaka pembeni. Nilitafuta kijiwe nikaokota kimoja kwenye ukingo, nikakifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili.

Usiku wa kwenye treni siusimulii, nililala. Asubuhi tukafika Itigi tukasimama, na tukaendelea kusimama. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Mmoja alisema injini, mwingine akasema tunapisha treni ya mizigo, na wa tatu, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, alisema dereva anakunywa chai. Watu wakashuka. Kina mama wa Itigi walikuja na kuku wa kuchemsha kwenye masinia, mayai, chapati ngumu. Nilinunua paja la kuku lililonipigisha vita vya kweli, ndugu zangu, meno yangu mnayajua.

Nilikaa na mama mmoja wa Ulyankulu, aliyekuwa anatoka kumuuguza binti yake Dodoma. Wazazi wake walitoka Burundi wakimbizi, yeye amezaliwa huku, analima tumbaku na mahindi. Rozari ilikuwa shingoni na mdomo haukupumzika. Alinikazia macho kila niliposhika pindo la kanga, mwishowe akaniinamia sikioni akanishauri nisiwe nalishika shika mbele za watu, maana safari hii wezi wa madini wanajua mtu aliyebeba dhahabu kwa namna anavyokaa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Nikafungua fundo nikamwonyesha. Alikiangalia kijiwe, akaniangalia mimi, nadhani alitaka kusogea kidogo.

Nilipomweleza, hakucheka. Alisema baba yake alikufa Ulyankulu na alitaka arudishwe kwao, na wao hawajui hata kilima cha kwao kilipo. Wakamzika, padri akambariki, basi. Kisha akasema, "Wewe una bahati. Una mahali pa kumpeleka." Nikaona kweli nina bahati, nikakaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Kupita Tura bila kushuka

Treni iliondoka jua likiwa kali. Baada ya hapo ni msitu, msitu, na msitu mwingine. Mama wa Ulyankulu alisinzia. Mimi nilikaa dirishani kwa sababu Maganga alikuwa akiniambia kila mwaka kwamba tutakwenda, na kila mwaka kulikuwa na ada, au paa, au ugonjwa. Hatukwenda hata mara moja pamoja. Alikwenda peke yake alipofiwa na mama yake.

Tura ni stesheni ndogo. Treni ilisimama kidogo, wanawake wakakimbilia madirishani na asali kwenye chupa za maji. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu. Nilitaka kushuka, miguu yote miwili ilitaka. Lakini ningeshuka nifanye nini? Mke hamwiti mume pale jiweni. Anayemwita ni dada, na dada aliolewa Ipole, kusini ya Tabora, siku nzima mbele. Bila yeye mimi nilikuwa mama aliyebeba kokoto tu.

Nikakishika kijiwe nikamwambia Maganga kwa sauti ya chini kwamba hapa ni kwenu, lakini tunapita, tutarudi. Kijana muuza asali alidhani naongea naye, akanipunguzia bei. Nikanunua, ningefanyaje.

Treni ilipoondoka nililia. Si sana. Mama wa Ulyankulu aliamka akanipa karanga, akalala tena.

Tabora

Tulifika Tabora alasiri, basi la Ipole limeshaondoka. Mama wa Ulyankulu alipokelewa na watoto wake, wakamzunguka, wakamnyang'anya mizigo, akanipungia mkono kutoka katikati yao. Nilibaki na mkoba na chupa ya asali inayovuja.

Nilitafuta pa kulala nikaelekezwa dukani kwa mwanamke mmoja mtu mzima, wa zile familia zilizotoka Omani zamani. Alikuwa anauza vitambaa na viungo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaikazia macho kanga yangu nyeusi akaniuliza kama eda imekwisha. Nikamwambia mimi ni Mkristo, kwetu hakuna eda. Akashangaa, akaniuliza sasa nani anawaambia mtu akishafiwa aanze lini kutoka tena. Nilimwambia hakuna anayetuambia, tunatoka tu. Alinionea huruma waziwazi, akaniletea kahawa na kipande cha halua, akanionyesha nyumba ya wageni ya jirani yake.

Tulizungumza kidogo barazani. Babu zake ndio waliokuwa wakiwaajiri watu kama babu za Maganga kubeba mizigo kwenda pwani. Alilisema mwenyewe, bila kuzunguka. Aliuliza habari za jiwe. Alikuwa amelisikia, ila alisikia pia kwamba lilihamishwa barabara ilipojengwa. Nilimwambia najua, nilisikia, wamelipeleka mbele ya ofisi ya kijiji. Kuhamishwa kwa jiwe kulikuwa hakunisumbui. Niliona jiwe ni jiwe, litasimama popote.

Jioni nilikwenda kwenye mgahawa nikaagiza chai mbili na chapati. Mhudumu akaleta vikombe viwili, kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu. Nilikuwa nimeagiza kwa mazoea. Aliniuliza kama mwenzangu yuko karibu, chai isipoe. Nikasema anakuja. Nilikunywa yangu taratibu, kisha nikavuta na ile nyingine nikainywa, haraka, kama mtu anayeiba. Mnanijua mimi si mtu wa kujihurumia, lakini ile jioni nilijihurumia kisawasawa.

Ipole

Barabara ya Ipole ni miombo pande zote, na mizinga imetundikwa juu ya miti, na nyumba za kukaushia tumbaku zimesimama mashambani. Abiria wote walikuwa wanajuana. Mama mmoja alinisalimia "mwangaluka," nami kwa woga nikajibu "marahaba," basi zima likacheka, maana yule alikuwa ananiambia umeamkaje na mimi nimejifanya mkubwa wake. Nilicheka nao. Angalau kulikuwa na kelele.

Nyumba ya wifi ni ya tofali za kuchoma, ua umefagiwa mistari mistari. Anakaa peke yake, mjane kama mimi. Alikuwa anaanika michembe juu ya jamvi, vile viazi vitamu vya kukausha. Aliponiona hakushtuka. Alisimama, akajipangusa mikono. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia, akanipokea mkoba. Hakuniuliza safari. Alikwenda jikoni.

Alipika ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ameyaunga kwa karanga. Nyie, chakula kile! Nilikula kwa hasira na kwa njaa pamoja. Yeye alikula kidogo, macho kwenye sahani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa matusi, maana niliamini kosa langu ni kwamba hatukuuleta mwili. Nilikuwa na majibu yote: gharama, joto, umbali, watoto. Hakuna lililoulizwa.

Tulipomaliza nikafungua fundo nikaweka kijiwe juu ya mkeka mbele yake. Nikamwambia kaka yako ameomba umwite.

Alikichukua, akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga mlangoni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wifi," akasema, "hii ni kokoto. Imepasuliwa na mashine. Angalia kona zake. Nikiizungusha hii nitamwita mwenye machimbo."

Uso uliniwaka moto. Nikakichukua nikakiangalia, na kweli, kokoto ya fundi, ya kumwagia zege, ina hata saruji upande mmoja. Nimeifunga fundo mbili, nimeilalia, nimezungumza nayo Tura. Nikalia pale kwenye mkeka kama mtoto, nikamwambia ningeokota wapi kingine? Kaburi lote limesakafiwa, vigae juu, saruji pembeni, hakuna udongo hata wa kujaza kijiko.

Kicheko kikamwisha.

"Kumbe na ninyi mmeziba," akasema.

Sikuelewa hiyo "na ninyi". Nilidhani ni dharau. Nikafuta machozi, nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba kama hataki kumwita kaka yake aseme wazi, nirudi kwa watoto wangu, mwaka mzima wa simu zisizopokelewa ungetosha kunijulisha. Hakukasirika. Alisema nilale, kesho tunakwenda wote Tura. Akaongeza kwamba akinieleza kwa mdomo nitakwenda kusema wifi ana kinyongo, kwa hiyo bora nikaone mwenyewe.

Kurudi Tura

Alivaa kanga mpya. Kutoka Ipole mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka kijijini kwao, aliongea mara chache, kunionyesha vitu. Hapa tulikuwa tunateka maji. Hapa Maganga aliangushwa na punda. Nilimsikiliza kwa wivu, maana mume wangu aliyeangushwa na punda mimi simjui. Gari lilituacha barabarani, akasimama akanionyesha lami katikati kabisa, akasema jiwe lilisimama hapa. Palikuwa hapana alama yoyote. Lori lilipita, tukasogea.

Ofisi ya kijiji iko karibu. Mtendaji alitoka mwenyewe kutupokea, mtu mpole, anamwita wifi shangazi. Alifurahi sana kuona mgeni wa Morogoro amekuja kuona jiwe. Alitueleza walivyolihamisha, winchi iliyoletwa, wanaume walivyoshika kamba, jinsi walivyoogopa lisivunjike. Kuna uzio wa waya, kuna kibao, kuna maua kwenye makopo. Kila asubuhi panafagiwa. Nasema haya ili asije mtu akasema walilidharau. Walilipenda, na ndivyo walivyolifanya.

Jiwe lenyewe, wenzangu, sijui niliseme vipi. Ni la kijivu, limeinama kidogo upande mmoja, na lina vishimo vingi vya kuenea kidole gumba mpaka ngumi, vimelainika ndani. Kati ya vishimo kuna miduara, mmoja ndani ya mwingine, na mistari inayopanda. Ukiweka kiganja linatoa ubaridi hata kwenye jua la mchana. Nilisimama mbele yake nikawaza mtu wa kwanza aliyegonga pale, hana jina, hana kabila tunalolijua, na mimi nimekuja na shida zangu kwake. Nilijiona mdogo, na mpweke kuliko hata kwenye zile chai mbili.

Nikamwuliza wifi kipi ni cha kwao.

Wifi alipiga magoti. Alipeleka mkono chini kwenye jiwe, chini zaidi, mpaka vidole vikagota kwenye saruji. Walipolisimamisha upya walilizamisha zaidi ya lilivyokuwa, ili lisianguke, wakamwaga zege kulizunguka. Akapapasa ile zege.

"Chetu kiko hapa," akasema. "Kwetu walioita walikuwa wanawake, na wanawake tunaita tumepiga magoti, ndiyo maana kilikuwa chini. Koo zote zenye vishimo vya juu bado zinaita. Sisi tumezibwa."

Mtendaji aliangalia viatu vyake. Alisema hawakujua, na wazee waliokuwepo siku ile walikuwa wa koo za juu, hawakusema kitu. Nikamwuliza kwani haibomoleki? Wifi ndiye aliyejibu. Alisema zege ikivunjwa jiwe linaweza kupasuka, na kuna watu wengi wameshaitwa pale juu tangu lihamishwe, yeye hawezi kuwavuruga wafu wa wenzake kwa ajili ya wake.

Nikamwomba, niwaambieni ukweli, nilimwomba kwa machozi, aite tu. Aite hapo juu ya saruji. Maganga ataelewa. Yeye ni mtu wa kuelewa.

"Wifi, sikiliza," akasema, bado yuko magotini. "Nikimwita atakuja. Namjua kaka yangu, hajawahi kuitwa asije. Atafika hapa atakuta mlango umezibwa. Kuingia hawezi, na kwako ameshatoka. Atakwenda wapi? Nilijua siku moja utakuja uniombe, na nilijua nitakukatalia. Ndiyo maana simu sikupokea."

Mwaka mzima nilimchukia mwanamke yule.

Kisha alifungua pindo la kanga yake mpya, lilikuwa na fundo kama langu. Ndani kulikuwa na kijiwe cheupe, cha mviringo, laini. Akasema huyu ni Mihayo. Mihayo alikuwa mwanawe, namkumbuka, alikuja kwetu Morogoro mara moja akala mikate yote. Alimzaa kabla ya kuolewa, mahari haikutolewa, kwa hiyo mtoto alikuwa wa ukoo wao, wa kishimo hiki. Alifukiwa na kifusi machimboni, akazikwa huko huko, wenzake wakamletea kijiwe. Nilijua kwamba alifariki. Sikujua kwamba alipofariki jiwe lilikuwa limeshahamishwa, na kwamba mama yake amekaa naye kwenye rafu jikoni muda wote huu, hajamwita.

"Mimi sina udongo wa kumpeleka," akasema. "Ipole ni kwa mume, hana mtu wake pale. Wewe una kaburi la mjomba wake. Vunja hiyo sakafu yenu, mchukue mtoto akakae na mjomba wake."

Nilimwambia mimi si wa ukoo wao, sijui kuita. Alisema nitapiga magoti na nitasema jina, hakuna kingine cha kujua. Akakiweka kijiwe mkononi mwangu akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Mtendaji alikuwa amegeuka upande wa maua.

Hatukula pamoja siku ile. Alipata gari la kurudi Tabora kabla ya treni yangu, na kwa kuwa hatukujua tuagane vipi tulishikana mikono tu, kama watu wa ofisini. Nilikaa stesheni ya Tura peke yangu mpaka treni ilipokuja. Nilikuwa nimemleta mmoja, nikashindwa kumwacha, na sasa nilikuwa narudi na wawili.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina habari. Treni haikuchelewa hata kidogo, wakati mimi ningefurahi ichelewe.

Nilipofika nilimtafuta fundi yule yule aliyejenga kaburi. Alinisikiliza, akamtazama mwanangu mkubwa kama vile kumwuliza mama anaendeleaje. Mwanangu alinuna. Binti yangu aliniuliza watu watasema nini, na mmesema, nimesikia, kwamba Mama Neema amevunja vigae vya mumewe kwa nyundo. Sikuvivunja mimi, alivivunja fundi. Alitoa vigae viwili upande wa miguuni, akachimbua saruji, na chini yake kukatokea udongo mwekundu, wenye unyevu. Nikamlipa nikamwambia aende. Watoto nao niliwaambia waende.

Nilipiga magoti. Magoti yangu mnayajua, ilichukua muda. Nilitengeneza kishimo kwa kidole gumba, nikakiweka kile kijiwe cheupe, nikakizungusha. Nilimwambia Maganga kwamba hatakwenda, kwao kumezibwa, dada yake amemhurumia ndiyo maana hamwiti, na abaki hapa kwangu, ila nimemletea mtu. Halafu nikaita. Nilianza kwa sauti ya chini kwa sababu kulikuwa na watu wanapalilia kaburi la jirani, kisha nikaona nimetoka mbali mno kuja kunong'ona. Nikaita Mihayo, Mihayo, Mihayo, kwa sauti ya kwaya. Wale wa jirani waliacha majembe wakasimama. Nikamfukia.

Nilipofika nyumbani nilimpigia wifi. Alipokea mara ya kwanza tu simu ilipolia. Nikamwambia amefika.

Nilimsikia anahema. Nilisikia kuku wake uani.

"Amekula?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, wifi. Amekula.